Jicho la Kuruthumu, Mpika Udi

Ukimwuliza mtu yeyote wa Mtaa wa Narung'ombe akutajie mwanamke asiyejua woga, atakuelekeza kwenye kibaraza cha Kuruthumu binti Abdulhamid, mpika udi. Ni yeye aliyemkimbiza mwizi wa simu na mwiko unaochuruzika sukari ya moto anayopikia udi, na siku ile aliyepiga kelele za kuomba msaada alikuwa mwizi. Mgambo wanaofukuza wamachinga wakifika mbele ya meza yake hushusha sauti na kumwamkia. Akikasirika husema, "Sikiliza wewe," na aliyeambiwa husikiliza, hata awe na ndevu mpaka kifuani. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie jirani kwamba anaogopa mpaka anakosa usingizi, si utaambiwa umechanganyikiwa? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kuruthumu alikuwa mwoga, tena mwoga wa kutupwa, ila woga wake ulikuwa wa kitu kimoja tu.

Alikuwa anaogopa kupasuliwa. Mumewe, marehemu Mwinyimvua, alikwenda hospitali kupasuliwa ngiri, jambo ambalo wanaume wengine hurudi nalo nyumbani wakitembea kwa kutanua miguu, wakataniwa mtaa mzima. Mlangoni alimpa mkewe kofia na miwani, akamwambia, "Nishikie, nakuja." Wakampa nusu kaputi, ile dawa ya kumlaza mtu asijue anafanywa nini, naye akalala moja kwa moja. Kuruthumu alikaa kwenye benchi na kofia mapajani mpaka nesi akaja kumshika bega. Tangu hapo aliapa kwamba yeye hatalazwa chali na daktari maadamu miguu yake ina nguvu za kukimbia.

Sasa Mungu naye ana mipango yake. Akampa ugonjwa wa pua.

Ulianza kama mafua, na mafua gani yasiyomfika mtu anayeinamia jiko la mkaa kutwa nzima, unga wa sandali ukimpanda usoni? Lakini haya hayakwisha. Pua iliziba, uso ukamwuma chini ya macho na katikati ya nyusi, na akiinama kukoroga sufuria alihisi kichwa kinataka kumwagika. Harufu nazo zikamkimbia moja moja. Kwanza asumini, halafu karafuu, mwisho hata moshi wenyewe. Mpika udi asiyesikia harufu, jamani! Ikabidi binti yake Ummy awe pua yake. "Nusa hii, imeshika?" Ummy hunusa, hukunja uso, husema, "Bado mama, marashi hayajaingia." Wateja hawakujua, na Kuruthumu hakutaka wajue.

Alipopata homa na maumivu yasiyokubali panadoli, Ummy alimburuta kwa daktari wa masikio, pua na koo, Daktari Hafidhi. Wakampiga picha ya kichwa kwenye mashine kubwa, na daktari akamwonyesha kwenye kompyuta. "Mama, unaona vijumba hivi ndani ya mifupa ya uso? Vinatakiwa kuwa na hewa, vionekane vyeusi. Vyako vyote vyeupe. Umejaa usaha wa siku nyingi. Hii ndiyo sainasi sugu." Akaweka kalamu juu ya mstari mwembamba. "Na huu hapa ndio ukuta kati ya uchafu na jicho lako la kulia. Ganda la kitunguu lina nafuu. Usaha ukivuka, jicho linaweza kufa."

"Kwa hiyo unanipa dawa gani?"

"Dawa umeshameza sana. Sasa tusafishe. Tunapitia puani, hakuna hata kovu."

"Nikiwa macho?"

"Hapana mama, kwa nusu kaputi."

Kuruthumu alisimama, akachukua mkoba, akamwambia daktari ahsante na Mungu amlipe. Ummy alimkuta getini ananunua maji, kizibo kimemshinda kufungua.

Kuanzia hapo akaanza kuishi na ukuta ule mwembamba. Kila akipenga kamasi anaufikiria. Akipiga chafya, hushika jicho kwa kiganja kama mtu anayezuia mlango. Alijifukiza mvuke, akatia habasoda puani, akanywa tangawizi mpaka tumbo likawaka moto. Asubuhi, kabla ya kusema bismillahi ya pili, anafumba jicho la kushoto na kutazama kwa la kulia kama ukuta wa chumba bado upo. Upo. Basi anashukuru, anaenda kuwasha jiko.

Ndipo akaja Rinkal. Huyu alikuwa binti wa Kihindi wa Mchafukoge, mama yake mteja wa udi wa miaka mingi. Alikuwa amesomea India tiba inayoitwa homiopathi, ile ya vidonge vidogo vyeupe kama punje za uwele, vinavyowekwa chini ya ulimi. Alifika kibarazani kuchukua mzigo wa mama yake, akamwona Kuruthumu anavyojikamua uso.

"Shikamoo mama. Una sainasi?"

"Marahaba mwanangu. Niseme ninayo, au yenyewe ndiyo iliyonishika?"

Rinkal akacheka, akamweleza kwamba yeye na madaktari wa hospitali wanafanya utafiti, na wagonjwa wa aina yake ndio wanaotafutwa. Kuruthumu akauliza swali moja tu: kuna kisu? Hakuna kisu. Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye ngazi za kliniki ya Rinkal, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa.

Rinkal, lazima tumpe haki yake, hakuficha kitu. "Mama, bibi yangu alitulea kwa vidonge hivi," alisema, "lakini wapo wanaosema ni sukari tu, na mimi nataka kujua ukweli. Kwa hiyo tunapima. Nusu ya wagonjwa watapata vidonge vyenye dawa, nusu watapata vidonge vitupu. Vinafanana, utamu ni mmoja. Hata mimi sijui nani kapata nini. Anayejua ni mtu mwingine kabisa."

"Kwa hiyo mimi na utu uzima wangu naweza kulambishwa sukari?"

"Inawezekana, mama. Ndiyo maana nakwambia mapema. Dawa za hospitali usiache, na Daktari Hafidhi ataendelea kukuangalia. Siku za mwanzo dalili zinaweza kuzidi kidogo, hilo lisikutishe. Ila jicho likivimba, ukipata homa kali au ukaona vitu viwiliviwili, usingoje. Njoo siku hiyohiyo."

Kuruthumu aliitikia yote kwa kichwa. Ukweli ni kwamba masikio yake yalichukua maneno mawili tu, "lisikutishe" na "hakuna kisu", mengine yakapita. Akapewa na masharti: vidonge visiguswe kwa mkono, asinywe kahawa, akae mbali na harufu kali, hasa karafuu maiti. Mpika udi akae mbali na harufu! Lakini mwoga haulizi. Alihamisha jiko mpaka uani, akamkabidhi Ummy mwiko, naye akakaa kibarazani kuuza tu, amejifunga kitambaa puani.

Kwenye benchi la kliniki ile ndipo alipokutana na Severa. Severa ni Mchaga, muuza mitumba wa Mchikichini, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kushtua njiwa. Pua yake iliharibiwa na vumbi la mabelo. Kila akikata kamba ya belo jipya, hupiga chafya mpaka wateja wanampisha. Naye aliambiwa apasuliwe, naye akakimbia. Walipopashana habari hiyo wakashikana mikono pale pale, na kabla jina halijaitwa walikuwa wameshakuwa mashoga.

Walitoka na vichupa vyao, wakaenda kukaa kibarazani kwa Kuruthumu. Severa alikiinua chake juani, akakitazama, akakitazama na cha mwenzake.

"Da Kuruthumu, umeelewa alichosema yule mtoto? Nusu dawa, nusu pipi. Sisi tuko wawili. Maana yake mmoja wetu kapewa pipi."

"Usinitishe, shoga."

"Sikutishi, nahesabu. Sasa ikiwa ni mimi?"

"Na ikiwa ni mimi?" akasema Kuruthumu, na mkono ukaenda wenyewe kwenye jicho.

Mchukuzi mmoja alipita na mkokoteni wa viroba akipiga mluzi watu wampishe, na hakuna aliyemtazama. Halafu Kuruthumu, ambaye maishani mwake hajawahi kupika futari bila kupeleka sahani kwa jirani, akasema neno ambalo kwake lilikuwa la kawaida kuliko yote. "Kizuri kula na nduguyo. Tuchanganye."

Msicheke. Kwao halikuwa jambo la ujanja. Pilau hugawanywa, msiba hugawanywa, maji yakikatika ndoo moja hugawanywa nyumba tatu. Iweje dawa ya kuokoa jicho la mtu iwe ya mmoja na mwingine alambe pipi huku anatazamwa? Waliona ni dhambi. Kwa kuwa vidonge haviguswi kwa mkono, Kuruthumu alileta bakuli safi na kijiko cha chai. Wakavimimina vyote, wakavikoroga, mmoja akisema bismillahi na mwenzake akipiga ishara ya msalaba, wakavigawa sawasawa mpaka kidonge cha mwisho. Kilipobaki kimoja, walikikata kwa kisu. Kila mmoja akaondoka na kichupa chake, roho imetulia: sasa hata mambo yakiwa mabaya, nusu ya dawa anayo.

Mwanzoni mambo yakawa mazuri. Kuruthumu alikuwa mbali na jiko, hapigwi na moshi, amejifunga kitambaa, basi kichwa kikapungua uzito. Akaanza kumsifu Rinkal kwa kila mteja. "Wahindi wana siri," alisema. Severa akipiga simu, wanaulizana pua kama watu wanavyoulizana watoto. "Ya kulia imefunguka?" "Kidogo. Yako?" "Inapitisha upepo, shoga!"

Kisha akaamka asubuhi moja uso unamgonga. Alikwenda kwenye kioo. Kope la jicho la kulia lilikuwa limejaa, jekundu, kama aliyeng'atwa na nyuki.

Alisimama pale, akaushika ukuta. Ukuta wa pili, ule wa kwenye picha, ndio uliomjia akilini. Umevuka, alijiambia. Usaha umevuka. Na papo hapo, kabla hajaita mtu, likaja lile neno lingine kumpoza: dalili zinaweza kuzidi kidogo, hilo lisikutishe. Alilidaka kwa mikono miwili. Tangu utotoni si ameambiwa kwamba dawa ya kweli lazima ifukue ugonjwa kwanza? Dawa isiyokuuma, inakutibu nini? Akampigia Severa.

"Shoga, jicho limevimba."

"Limevimba sana?"

"Limevimba la kuvimba. Nadhani dawa imeanza kufukua."

"Basi wewe imekukubali," Severa alisema, na sauti yake ilikuwa na wivu kidogo. "Mimi hata chunusi sijatoka."

Ummy alipouliza, aliambiwa ni mdudu. Kuruthumu alishusha ushungi mpaka kwenye nyusi, akavaa miwani nyeusi iliyotoka kwenye meza ya Severa, akakaa kibarazani kama kawaida. Rinkal naye akapiga simu, maana kila mgonjwa alikuwa anapigiwa. "Mama, hali yako? Jicho je? Homa?"

Hapo ndipo ulimi ulipokuwa na nafasi. Angesema neno moja tu. Lakini Kuruthumu aliona mbele yake milango miwili, na mmoja una kitanda cha magurudumu na mtu aliyefunika mdomo, ameshika sindano. Kwenye wa pili akaona bakuli lile, na Severa akifukuzwa kliniki kwa kosa alilolizua yeye. "Alhamdulillahi, mwanangu," akasema. "Safi kabisa." Alipokata simu, kanga ilikuwa imelowa jasho mgongoni.

Toka hapo hofu haikumwacha hata akiwa msalani. Ile desturi yake ya asubuhi, ya kufumba jicho moja, sasa aliifanya kila saa. Alichukua kanga nyekundu, akaitazama kwa jicho la kushoto: nyekundu. Kwa la kulia: ya kahawia, imepauka, mithili ya kanga iliyoanikwa juani mwaka mzima. Akaiweka. Akaichukua tena. Akajiambia ni giza la chumba, akatoka nayo uani kwenye jua kali la mchana, na kanga ikawa ile ile ya kahawia. Alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa na kulia bila sauti, Ummy asisikie. Alijua. Moyoni alijua kabisa kwamba hakuna dawa inayofukua rangi. Lakini kujua ni kitu kimoja na kunyanyuka ni kingine, na miguu yake, ile aliyoapia kwamba itamkimbiza, ilikataa hata kumpeleka mlangoni.

Siku iliyofuata kulikuwa na oda ya harusi, na Ummy alikuwa amezidiwa. Kuruthumu akasema atasaidia kumimina. Sukari imeiva, imekuwa asali, vijiti vya udi na marashi vimo ndani, kinachobaki ni kuimwaga kwenye sinia ipoe ikatwe. Kazi hiyo ameifanya maisha yake yote. Alinyanyua sufuria kwa vitambaa, akaona masinia mawili, akachagua moja, akamimina.

Alikuwa amechagua lile ambalo halikuwepo. Sukari ya moto ilimwagika sakafuni, ikamrukia mguuni, naye akapiga yowe. Ummy alimvuta pembeni, miwani ikaanguka, ushungi ukarudi nyuma. Binti alimtazama mama yake usoni na akasahau mguu. Jicho la kulia lilikuwa limesukumwa mbele, limetazama pembeni, halisogei.

"Mama! Mdudu gani huyu? Mdudu gani, mama?"

"Usinipeleke," Kuruthumu alisema. Alimshika mwanawe magoti, yeye, mwanamke wa kukimbiza wezi. "Nakuomba, Ummy. Watanilaza. Usinipeleke."

Ummy aliita bajaji, akampakia mama yake na mguu wake uliojaa sukari, akampigia Rinkal wakiwa njiani. Bajaji ilikwama kwenye mikokoteni na watu wa Kariakoo, dereva anapiga honi, Ummy anapiga kelele "Mgonjwa! Mgonjwa!", na Kuruthumu katikati yao anasoma kila aya aliyofundishwa utotoni, huku jicho la kulia likizidi giza.

Daktari Hafidhi aliwapokea mwenyewe. Akalifunika jicho la kushoto la Kuruthumu kwa kiganja. "Mama, nimenyoosha vidole vingapi?"

"Nyoosha kwanza," alisema Kuruthumu, "ndipo uniulize."

Ummy, aliyekuwa anaviona vidole vile mbele ya pua ya mama yake, akajiziba mdomo kwa ushungi.

Rinkal aliingia mbio, koti jeupe limekaa upande. Hapo Kuruthumu akatapika yote: kope, kanga, uongo wa kwenye simu, bakuli na kijiko cha chai. "Usimfukuze Severa," alisema. "Ni mimi niliyesema tuchanganye." Rinkal alimwangalia asijue acheke au alie. Akatoka nje kumpigia yule mtu anayejua siri, maana mgonjwa akifika hali hiyo ruhusa ipo, na kwa kuwa vidonge vilichanganywa ilibidi aulize vichupa vyote viwili. Aliporudi alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, chako kilikuwa sukari."

"Na cha Severa?"

"Na cha Severa."

Kuruthumu alicheka, kicheko kifupi kibaya. Waligawana kwa haki, wakakata mpaka kidonge cha mwisho, na walichogawana ni sukari, kitu anachokipika yeye kwa kilo. "Lakini sikiliza, mama," Rinkal akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Hata kingekuwa na dawa, leo tungekuwa hapa hapa. Kwa jicho hili nilikwambia uje."

"Ulinambia," alisema Kuruthumu. "Ulinambia, mwanangu. Nilikuwa naogopa."

Akapelekwa. Hakumwachia Ummy kitu chochote cha kushika. Pete na hereni alizirudisha mkobani na mkoba akautaka uwekwe chini ya kitanda. Kwenye korido aliona taa za dari zikipita, kwa jicho moja, na akaomba kitanda kisimamishwe. Hakikusimama. Mle ndani kulikuwa na baridi, na mtu aliyefunika mdomo alikuwepo kweli, yule yule aliyemwona akilini, ila alikuwa na sauti ya kijana mpole. "Mama, mimi naitwa Ramadhan. Nitakaa kichwani kwako mpaka uamke, siendi popote." Kuruthumu alimkamata mkono. Alitaka kumwambia habari za Mwinyimvua, kwamba naye alisema anakuja, akaanza, "Mume wangu," na sentensi haikufika mwisho.

Alipofumbua jicho, Ummy alikuwa pembeni amelala kwenye kiti, mdomo wazi. Koo lilimkereketa, pua ilikuwa imejazwa pamba. Alijigusa mkono, akagusa ukingo wa kitanda. Yupo. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Daktari Hafidhi alikuja na habari. Usaha umetoka wote, hatari ya kupanda kwenye ubongo imepita. Jicho limerudi mahali pake, litaonekana zuri tu, lakini mshipa wake umekufa, halitaona. "Ungekuja lilipoanza kuvimba, mama," alianza kusema, kisha akamtazama mgonjwa wake na kuishia hapo.

Severa alikuja kumjulia hali Kuruthumu alipokwisha kurudi nyumbani. Alikuja na ndizi na kanga mpya, akakaa ukingoni mwa kitanda, mwanamke wa kicheko chote kile, na hakucheka. Alimtazama shoga yake jicho moja, akatazama la pili, akatazama chini.

"Nisamehe, da Kuruthumu. Nilipokwambia dawa imekukubali."

"Hukunivimbisha wewe."

"Na mimi wa kliniki wamenipigia. Wananiambia nikapige picha tena, na inaonekana lazima nipasuliwe." Alikuwa anakunja ncha ya kanga na kuikunjua. "Siendi. Nimeshasema siendi. Nitakuwa najifukiza."

Kuruthumu alimenya ndizi moja, akampa.

Severa akasogea, akanong'ona kama kwamba Daktari Hafidhi yuko nyuma ya pazia. "Hebu niambie kweli, wewe uliyeingia. Inauma?"

"Sikuhisi chochote. Nilikuwa nazungumza na kijana mmoja, nikaamka."

"Basi? Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Sasa jicho wamelifanya nini?"

"Hawakulifanya kitu, Severa. Jicho lilikufa hapa hapa, kwenye chumba hiki. Nililikalia mwenyewe mpaka likafa, na kisu nilichokuwa nakikimbia kilikuwa hakijafika hata mlangoni."

Severa akaanza kulia, kilio kikubwa cha mwili mzima, akisema anaogopa, ana watoto, mama yake mzazi alisema asikubali. Kuruthumu alimwacha alie. Yeye mwenyewe alikuwa bado anaogopa. Kisha akashusha miguu, ule wenye bendeji kwanza, akapapasa viatu chini ya kitanda.

"Ummy! Nipe ushungi wangu."

"Unakwenda wapi, mama? Umeambiwa upumzike!"

"Nampeleka huyu hospitali. Nitakaa naye mpaka wamlaze na mpaka aamke." Akamgeukia Severa, ambaye alikuwa ameacha kulia kwa mshtuko, akamnyooshea mkono. "Simama, shoga. Na ukae upande wangu wa kulia, unishike vizuri. Huko siwaoni wenye mikokoteni."